Jiwe Uliloliacha Barabarani

Somo la juma: Kutoka 21:33–34, Kumbukumbu la Torati 21:1–9 na 22:8, Mathayo 5:23–24



Leo nataka tuongee juu ya mawe. Si yale mawe ya Daudi, na si lile jiwe la kaburini. Ni mawe ya kawaida tu, yale tunayookota kando ya barabara gari ikiharibika, tunayapanga kwa lami ili wanaokuja wajue kuna shida mbele. Kila mtu anayesafiri kati ya Embu na Meru ameyaona. Na kabla sijamnyoshea mtu kidole, wacha nianze na yangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natoka Embu kwenda Meru, Ijumaa jioni. Kulikuwa na kesha, na mimi ndiye niliyepewa kuongoza maombi ya saa sita usiku. Nilipovuka mto Thuci na kuanza kupanda ule mlima wa kuelekea Ndagani, gari ikaanza kutoa mvuke, halafu ikazima. Giza lilikuwa linaingia. Laifseva, zile pembetatu nyekundu za kuonya, nilikuwa nimeziacha nyumbani kwa sababu niliona zinachukua nafasi kwa buti. Kwa hivyo nikafanya vile watu hufanya. Nikaokota mawe matano, makubwa kama kichwa cha mtu, nikayapanga nyuma ya gari. Nikavunja matawi nikayaweka juu. Fundi alikuja na pikipiki kutoka Chuka, akakuta paipu ya maji imepasuka, akabadilisha. Saa mbili na nusu usiku gari ikawaka. Nilikuwa nimechelewa sana. Nikamlipa, nikashika barabara.

Mawe nikayaacha.

Nilikumbuka nikiwa nimeshapita Chogoria. Kurudi kungenichukua zaidi ya nusu saa, na kuja tena nusu saa nyingine, na watu walikuwa wananingoja. Nikasema, “Bwana, yafunike kwa damu yako, mtu asiumie,” nikaendelea. Kesha lilikuwa na moto. Nilipopewa nafasi nikatoa ushuhuda vile Mungu alinitoa barabarani usiku, na kanisa lote likasema Amina. Na wakati tunasema hiyo Amina, mawe yangu matano yalikuwa bado kwa lami, gizani, na hapakuwa tena na gari mbele yake ya kueleza kwa nini yako pale.

Swali langu ni hili. Mimi nilifanya kosa gani usiku ule, kama nilifanya? Sikumgonga mtu. Sikulewa. Sikuendesha kwa fujo. Nilikuwa naenda kuomba. Na mpaka leo sijawahi kuambiwa kwamba kuna mtu aliumia kwa mawe yale. Kama hakuna aliyeumia, kuna dhambi hapo?

Kitu kidogo kwa lami

Tuanze na kuelewa jiwe hufanya nini, kwa sababu wengi wetu tunalichukulia kama usumbufu tu.

Chukua dereva wa matatu anayeheshimu sheria, anaenda kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari inakula kama mita 22 kila sekunde. Akipunguza taa kwa sababu kuna gari inakuja, anaona labda mita 40 mbele yake. Hiyo ni chini ya sekunde mbili. Kusimama kabisa kwa mwendo huo kunataka zaidi ya mita 50, tena lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima. Kwa hivyo hesabu imeshakataa kabla hajaliona jiwe. Akiliona, limeshakuwa lake.

Sasa ana njia mbili mbaya. Ya kwanza ni kulipanda. Jiwe likibanwa kati ya lami na rimu, linakata ukuta wa tairi. Likiwa refu linapita chini ya gari na kupasua sampu ya oili au paipu ya breki. Mara nyingine tairi haipasuki hapo. Inabeba jeraha lake ndani, inapasuka mbele, kwa mteremko mwingine, na hakuna atakayejua kwamba ajali ile ilianzia Thuci. Na kama ni mtu wa bodaboda mwenye taa moja, na pengine amebeba mama na mtoto, jiwe la ukubwa wa kichwa halimpi nafasi ya kujifunza.

Njia ya pili ni kulikwepa, na hapa ndipo wengi hufia. Kule Marekani, shirika la magari la AAA lilitoa utafiti mwaka 2016 kuhusu vitu vinavyoachwa au kuanguka barabarani. Kwa miaka minne, kuanzia 2011 hadi 2014, walihesabu ajali zaidi ya 200,000 na vifo zaidi ya 500. Na karibu vifo 37 kwa kila 100 vilitokana na dereva kukata usukani ghafla ili akwepe. Yaani kile kitu chenyewe hakikumuua. Kilichomua ni lori lililokuwa linakuja upande ule mwingine, au mti, au bonde. Na wewe unajua mabonde yetu. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya imechimba nchi hii kuanzia Embu mpaka Nkubu, na karibu kila daraja lina mteremko wa kushuka na mlima wa kupanda. Hapo kwa mlima ndipo magari hufa, na hapo ndipo mawe huachwa.

Tena si mawe tu. Kuna mawe ya kujengea yanayoanguka kutoka kwa lori lililojazwa kupita kiasi. Kuna magogo ya mikaratusi. Kuna vipande vya tairi la lori. Kuna gunia ambalo unadhani ni tupu, kumbe ndani kuna kokoto. Mwezi Juni 2024, siku za maandamano, mawe na tairi zilizochomwa zilikuwa barabarani katika miji mingi ya nchi yetu. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Ninasema tairi ikiungua inaacha waya, na kesho yake asubuhi waya haikuulizi wewe ulikuwa upande gani.

Sheria ya shimo

Sasa turudi kwa swali. Kitabu cha Kutoka sura ya 21, mstari wa 33 na 34, kina sheria ambayo ni rahisi kuiruka. Mtu akifunua shimo, au akichimba shimo asilifunike, halafu ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia, yule mwenye shimo atalipa.

Angalia vizuri. Huyo mtu hakumsukuma ng'ombe. Hakumchukia jirani. Inawezekana alichimba shimo kwa sababu nzuri kabisa, labda alikuwa anatafuta maji kwa ajili ya watoto wake. Na siku ng'ombe anaanguka, yeye pengine yuko mbali, amelala, au yuko hemani anaomba. Mungu hamuulizi, “Ulikusudia?” Mungu anasema shimo ni lake. Ukilichimba ni lako, na halikomi kuwa lako eti kwa sababu umeondoka.

Mawe yangu matano yalikuwa shimo. Kuyaweka haikuwa kosa. Kwa ile saa moja na nusu yalinilinda mimi na fundi, na yalimlinda kila dereva aliyepita. Yalikuwa tendo jema. Lakini tendo jema lililoachwa katikati linaweza kugeuka. Jiwe lile lile, mahali pale pale, saa mbili usiku lilikuwa ulinzi, na saa tatu lilikuwa mtego. Kilichobadilika ni kwamba mimi niliondoka.

Wacha nikupe mfano wa mbali. Tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde ya shirika la Air France ilikuwa inakimbia ili iruke kutoka Paris. Dakika chache kabla yake, ndege nyingine aina ya DC-10, ya shirika la Continental la Marekani, iliruka kutoka njia hiyo hiyo na ikaangusha kipande chembamba cha chuma cha titani, urefu wake kama sentimita 43. Hakuna aliyekiona. Tairi ya Concorde ikakikanyaga, ikapasuka, kipande kizito cha mpira kikapiga chini ya bawa palipokuwa na tangi la mafuta, na moto ukawaka. Watu 113 walikufa: 109 waliokuwa ndani ya ndege, na wanne waliokuwa chini pale ilipoangukia. Ndege ile ya kwanza ilikuwa imeshaenda zake, abiria wake wazima, rubani wake hana habari.

Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2010 mahakama ya Ufaransa iliipata Continental na fundi wake mmoja na hatia ya jinai. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia hiyo, lakini ikasema Continental bado inawajibika kwa fidia. Majaji wasomi wakaishia karibu na pale Musa alipokuwa: pengine huyu si muuaji, lakini shimo ni lake.

Na kama hakuna aliyeanguka?

Mtu atasema, “Sawa, mchungaji. Lakini sheria ya shimo inazungumza ng'ombe akishaanguka. Wewe hujui kama kuna mtu aliumia. Kwa nini unajisumbua?”

Hilo ni swali zuri, na lilinipa usingizi kwa muda. Nilijiambia: hakuna habari, basi habari ni njema. Halafu nikasoma Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, watu wasije wakaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Dari zao zilikuwa bapa, watu walikaa juu wakipunga upepo. Ona sasa: amri inakuja kabla mtu yeyote hajaanguka. Yule anayejenga bila ukuta ameshakosa siku ile anapomaliza kujenga, hata kama kwa miaka kumi hakuna mtu atakayeanguka.

Fikiria watu wawili. Mmoja aliacha mawe Ijumaa, na kabla ya usiku wa manane mtu akayaona akayatoa. Mwingine aliacha mawe Ijumaa hiyo hiyo, na kijana wa bodaboda akayagonga. Wa kwanza tunamwita mkristo mzuri aliyesahau kidogo. Wa pili tunamwita muuaji. Lakini hawa wawili walifanya kitu kimoja. Tofauti yao si moyo wala mkono. Tofauti yao ni nani alipita na saa ngapi. Mimi sitaki kusimama mbele za Mungu nikiwa mwadilifu kwa sababu ya bahati.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo. Palikuwa na kosa pale hata kama hakuna tone la damu lililomwagika. Nilicheza na uhai wa mtu nisiyemjua ili nisichelewe kwa kesha. Kama ilikuwa neema kwamba hakuumia, basi ilikuwa neema yake na neema yangu, na mtu aliyepata neema haendi akijisifu.

“Ni shetani.” “Siku yake ilifika.”

Kuna majibu mawili ambayo sisi watu wa kanisa tunayapenda, na inafaa niyaguse kwa upole.

La kwanza ni kumlaumu shetani. Mnakumbuka Jumapili jioni, tarehe 24 Julai 2022, basi lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Kuna nyumba katika kaunti zetu ambazo bado zinalia, na sitaki kugusa kidonda chao bure. Ajali ile haikuletwa na mawe. Naitaja kwa sababu ya maneno tuliyosema baadaye: kwamba daraja lile lina pepo anayetaka damu. Na huku yaliyokuwa yanazungumzwa na wanaojua magari na barabara ni breki, na ule mteremko mkali unaoishia kwa kona.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini kuna mapepo, na naamini jina la Yesu lina mamlaka juu yao. Sitawahi kuwaambia msiombee barabara. Lakini tukikemea pepo wa daraja halafu tunapanda gari yenye breki mbovu kurudi nyumbani, tumemsaidia nani? Shetani hakuokota mawe pale Thuci. Niliyaokota mimi. Hata nikimkemea usiku kucha, hawezi kuyatoa, kwa sababu si yeye aliyeyaweka.

La pili ni kusema siku ya mtu ilifika. Ni kweli Mungu anajua hesabu ya siku zetu. Lakini kujua kwake si ruhusa yangu. Kama kifo cha kila mtu hakijali tunachofanya, Mungu asingejisumbua kuagiza ukuta kwa dari. Neno hilo ni faraja kwa aliyefiwa. Likitoka mdomoni mwa aliyeacha jiwe, ni kujificha.

Wewe unayepita

Mpaka hapa nimezungumza na aliyeweka jiwe. Lakini wengi wenu mtasema, “Mimi sijawahi kuacha jiwe.” Haleluya. Basi tuzungumze na anayepita.

Kati yetu dereva hodari ni yule anayejua kukwepa. Tunamsifu: huyu anajua barabara, anajua kila shimo. Amepita salama, na abiria wamemshukuru. Lakini yule anayekuja nyuma yake haijui barabara. Pengine ni mgeni anayekwenda Isiolo, pengine ni pikapu ya miraa inayokimbizana na saa kwa sababu mzigo wake hautaki kulala. Katika Luka 10, kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Walimwona, wakapita upande mwingine wa njia. Walikwepa. Usukani wao ulikuwa mzuri sana.

Na Kumbukumbu la Torati 21 linaenda mbali zaidi. Maiti ikikutwa shambani na haijulikani nani aliua, wazee watatoka na kupima umbali kutoka pale hadi miji iliyo karibu. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake watachukua ndama, watashuka bondeni penye maji yanayotiririka, watanawa mikono juu yake na kusema mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona. Wataomba damu hiyo isihesabiwe kwa watu. Hawakuua. Lakini hawaruhusiwi kusema, “Haituhusu.” Kuwa karibu tu ni wajibu.

Hebu jiulize: ukipima kutoka kwa ile kona mbaya mnayoijua, kanisa lililo karibu zaidi ni lipi? Na wazee wake wanaweza kunawa mikono na kusema macho yao hayakuona?

Mama wa ndizi

Nimalizie ile habari yangu. Jumatatu asubuhi nikirudi Embu, nilisimama pale kwa mlima. Mawe matatu yalikuwa kando ya mtaro. Mawili sikuyaona. Palikuwa na mama mzee anauza ndizi karibu na hapo. Nikamsalimia, nikamuuliza:

“Mama, Ijumaa usiku kulikuwa na mawe hapa?”

“Mwanangu, hapa kuna mawe kila wiki. Gari zikikufa kwa huu mlima, wanaweka. Zikipona, wanaenda. Mimi huyasukuma kando asubuhi nikija kufungua.”

“Na kuna mtu alianguka Ijumaa?”

Akaniangalia. “Watu huanguka hapa. Mimi nitajuaje ni jiwe la nani?”

Sikumwambia ni langu. Nilinunua ndizi za shilingi mia moja, nikasema Mungu akubariki mama, nikaenda. Hata sikuyahesabu yale mawe mbele yake. Nimehubiri mara nyingi tangu siku hiyo, na sijawahi kutoa ushuhuda wa nusu ya pili mpaka leo.

Yule mama sijui anaabudu wapi. Hana laifseva, hana gari, hana lami. Hakuna aliyemlipa. Kila asubuhi kabla hajapanga ndizi zake anasukuma kwa mguu mawe ya watu kama mimi tunaokimbilia maombi. Isaya 57:14 na 62:10 zinasema juu ya kutengeneza njia na kuondoa mawe ili watu wa Mungu wapite. Mimi nilikuwa nahubiri mistari hiyo. Yeye alikuwa anaifanya.

Kurudi

Katika Mathayo 5:23–24 Yesu anasema ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda kwanza ukapatane naye. Nilikumbuka nikiwa Chogoria. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kugeuza gari. Badala yake niliomba. Ombi langu lilikuwa la kweli, lakini nililiweka mahali pa nusu saa ya kuendesha. Toba isiyorudi pale ilipoanguka ni maneno. Hata Zakayo hakuishia kusema pole. Alirudisha, tena mara nne.

Na wapendwa, kuna mawe mengine tuliyoyaacha ambayo hayako kwa barabara ya lami. Neno ulilosema juu ya mtu siku ulipokuwa na shida, ili ujilinde, na shida ikaisha na neno likabaki. Hilo nakuachia wewe na Roho Mtakatifu. Leo nataka tuanze na mawe tunayoweza kuyabeba kwa mkono.

Tufanye haya, kuanzia juma hili:

Moja. Kabla ya safari, hakikisha laifseva mbili ziko ndani ya gari. Sheria ya trafiki inazitaka, na hazichukui nafasi kama nilivyodhani. Kama umebeba mzigo, angalia kamba na turubai kabla ya kuombea safari, halafu uombee.

Mbili. Gari ikikufa, isukume kando kadiri unavyoweza, washa taa za dharura, weka laifseva mbele na nyuma, mbali kidogo. Kama ni kwa kona, iweke kabla ya kona. Ukilazimika kutumia mawe, yahesabu. Ukiweka matano, toa matano, na matawi pia. Usimlipe fundi kabla hamjayatoa pamoja.

Tatu. Ukikuta kitu mbele yako, usikate usukani ghafla. Shika usukani umenyooka, punguza mwendo mapema, angalia vioo. Usipande matawi wala gunia ukidhani ni tupu. Kama umelazimika kukanyaga kitu, simama mahali salama mbele, uangalie tairi na kama kuna oili inayovuja.

Nne. Ukitaka kuondoa kitu, usijiue. Egesha nje kabisa ya lami, washa taa za dharura, angalia pande zote mbili. Kama ni usiku, au ni kona ya magari ya kasi, usiingie barabarani. Waambie watu wa steji ya bodaboda iliyo karibu, au piga 999 au 112. Hata simu ni kulitoa jiwe.

Tano. Vijana na wazee wa kanisa, tupime. Tutafute ile kona iliyo karibu nasi zaidi kuliko kanisa lingine lolote, na iwe yetu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kitu gani kizuri ulichokianza, ukakiacha katikati, kikawa shida kwa mtu mwingine?
2. Kuna tofauti gani kati ya kufunika safari kwa maombi na kutumia maombi kufunika uzembe?
3. Kona au mlima ulio karibu nasi ni upi, na nani atauangalia juma hili?

Tuombe

Baba, tusamehe mawe tuliyoyaacha, tunayoyakumbuka na tuliyoyasahau. Wale walioumia kwa ajili yetu na hatuwajui, wewe unawajua. Uwaponye, na ikiwa kuna tunaloweza kulipa, utuonyeshe. Bariki kila mkono unaosafisha njia asubuhi bila kutajwa jina. Utupe moyo wa kugeuza gari. Katika jina la Yesu. Amina.